Virusi vimefubaa, sasa tuhesabu figo, presha na mfuko wa dawa

Tanzania ilianza kutoa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU), bila malipo kwenye vituo vya tiba na matunzo, yaani CTC, mwaka 2004. Mtu aliyeanza dawa wakati huo akiwa na miaka 45 sasa amevuka 65. Amepitia stavudini, zidovudini, nevirapini na efavirenzi, na tangu 2019, TLD ilipoanza kusambazwa, anameza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Majibu yake ya wingi wa virusi yanarudi "chini ya nakala 50". Anapongezwa, anapewa dawa za miezi sita, anarudi nyumbani.

Pongezi anastahili. Ila kipimo cha wingi wa virusi kinajibu swali moja tu. Hakisemi kama presha ya mzee huyu ni 178 kwa 96, hakisemi figo zimebaki na nguvu kiasi gani, wala hakioni diklofenaki, dawa ya maumivu, iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Na kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea ambaye virusi vyake vimefubaa, hatari iliyo karibu zaidi ni hizo: kiharusi, figo kufeli, mshtuko wa moyo, saratani, kuvunjika nyonga, na dawa zinazogombana zenyewe kwa zenyewe. CTC zetu zilijengwa wakati watu walikuwa wanakufa kwa kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo, na kazi hiyo zimeifanya vizuri mno. Sasa mteja amezeeka, na huduma inabidi ifuate umri wake.

Makala hii ni kwa mzee mwenyewe, kwa mtoto au mjukuu anayemsindikiza kliniki, na kwa mhudumu ambaye ana dakika kumi tu za kukaa naye.

Kreatinini 90 ya kijana na kreatinini 90 ya bibi

Naanza na figo kwa sababu hapa ndipo kosa linafanyika huku kila mtu akiwa ameridhika.

Chukua watu wawili waliotoa damu siku moja. Mmoja ni kijana wa kiume wa miaka 30, kilo 70. Mwingine ni bibi wa miaka 68, kilo 48. Maabara inarudisha kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, 90 kwa wote wawili, kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Karatasi haina alama ya onyo, na wote wanaambiwa figo ziko sawa.

Sasa piga hesabu. Toa umri kwenye 140, zidisha kwa kilo, kisha zidisha kwa 1.23 kama ni mwanamume au 1.04 kama ni mwanamke, halafu gawanya kwa kreatinini. Kijana: 110 mara 70 mara 1.23, gawanya kwa 90, unapata kama 105. Bibi: 72 mara 48 mara 1.04, gawanya kwa 90, unapata 40. Figo zake zinasafisha damu kwa kasi isiyofika hata nusu ya kijana. Sababu ni kwamba kreatinini inatoka kwenye misuli. Bibi ana misuli kidogo, anazalisha kreatinini kidogo, hivyo namba inabaki nzuri wakati figo zimeshachoka. Kama maabara yenu inaandika kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4.

Namba ya kukumbuka ni 50. Jibu la hesabu hiyo likishuka chini ya hapo, tenofoviri iliyomo kwenye TLD haifai kuendelea hivihivi. Kinachofuata mara nyingi ni abakaviri na lamivudini pamoja na dolutegraviri. Lakini kabla ya kubadilisha, mzee apimwe homa ya ini aina ya B kama hakuwahi kupimwa. Tenofoviri inazuia na kirusi hicho pia. Ukiiondoa bila kujua, ini linaweza kuwaka vibaya, maana abakaviri haigusi homa ya ini na lamivudini ikibaki peke yake huzaa usugu. Tena abakaviri imehusishwa na mshtuko wa moyo katika tafiti kadhaa, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo aseme wazi ili daktari atafute njia nyingine, kama ile tenofoviri mpya ya TAF isiyoumiza figo sana kama ya zamani, pale inapopatikana.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Dolutegraviri inapandisha kreatinini kidogo, maikromoli 10 hadi 15 hivi, ndani ya wiki nne za kwanza, kwa sababu inazuia figo kuitoa. Figo yenyewe haijaumia. Septrini, dawa ya kukinga maambukizi nyemelezi, inafanya vilevile. Mtu aliyeanza vyote viwili anaweza kuonekana kama figo zinakufa, akaondolewa dawa nzuri bila sababu. Linganisha namba ya leo na ile ya baada ya mwezi wa kwanza, siyo na ile ya kabla hajaanza. Ikiendelea kupanda kila kipimo, hapo kuna jambo.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kijiti cha mkojo. Angalia protini na sukari. Sukari ikionekana kwenye mkojo wakati sukari ya damu ni ya kawaida, shuku kwamba tenofoviri imeumiza mirija ya figo. Kijiti kimoja ni bei ndogo na majibu yanapatikana mteja akiwa bado amekaa hapo. Kwa mzee wa zaidi ya miaka 60 aliye kwenye TLD, sioni sababu ya kukosa kijiti na kreatinini angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili kama ana presha au kisukari.

Mwaga mfuko mezani

Ukimwuliza mzee "unatumia dawa gani nyingine?" atakujibu "situmii kitu, mwanangu." Wala hadanganyi. Kwake vidonge vya kuongeza damu ni lishe, maji meupe ya kiungulia ni ya kutuliza tumbo, na sindano ya goti ilishapita. Uliza kwa namna nyingine: mgongo ukiuma unameza nini? Usingizi ukikataa? Kiungulia? Mwanao alipokuja sikukuu alikuletea nini? Kisha mwambie safari ijayo aje na kila kitu kwenye mfuko mmoja: paketi tupu, chupa za dawa za maji, unga wa mitishamba, matone ya macho. Mwageni mezani, soma jina moja baada ya jingine.

Haya ndiyo ninayoomba yatafutwe kwenye mfuko huo.

Diklofenaki na aibuprofeni. Hizi ndizo zinazoharibu figo za wazee wetu kuliko tunavyokubali. Zinauzwa kila duka la dawa, na mzee mwenye magoti anaweza kuzimeza miezi mfululizo. Zinapunguza damu inayofika kwenye figo, zinapandisha presha, zinatoboa tumbo. Ukiziweka juu ya tenofoviri ni mzigo. Ukiongeza dawa za presha kama losatani au enalaprili, na dawa ya kukojoza kama hidroklorothiazidi, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache, hasa mzee akiharisha au akipungukiwa maji. Parasetamoli ianze kwanza: gramu moja kila baada ya saa nane, jumla gramu 3 kwa siku, na ipunguzwe zaidi kwa mwenye kilo chini ya 50 au mnywaji wa pombe. Kwa goti, marashi ya kuchua na mazoezi ya paja vina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Madini ya chuma, kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Zinaikamata dolutegraviri tumboni, haiingii kwenye damu. Dawa ya kiungulia ya aina hiyo: meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, hata kama umekula. Chuma na kalsiamu zina nafuu kidogo, zinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa ni wakati wa chakula. Tumbo likiwa tupu, kanuni ni ileile ya saa 2 na 6. Njia isiyochanganya mzee: TLD usiku kabla ya kulala, hayo mengine asubuhi au mchana. Virusi vikianza kupanda kwa mtu ambaye hakosi dozi, ulizeni habari ya kiungulia kabla ya kumhubiria habari ya ufuasi wa dawa.

Metformini, dawa ya kisukari. Dolutegraviri inaongeza kiwango cha metformini kwenye damu kwa karibu asilimia 80. Kikomo kiwe miligramu 1,000 kwa siku, na chini zaidi kama figo zimepungua. Ile hesabu ya figo ikifika chini ya 30, metformini isimamishwe. Dalili za kuzidi ni kuhara, kichefuchefu na kuishiwa hamu ya kula, vitu ambavyo kwa mzee vinaonekana kama "uzee tu" hadi amekonda.

Septrini. Inajulikana, inaaminika, haiogopwi. Lakini pamoja na losatani, enalaprili au spironolaktoni inaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukapiga vibaya, na pamoja na glibenklamidi ya kisukari inaweza kushusha sukari ghafla, mzee akaamka amelowa jasho na hajitambui. Mteja ambaye CD4, yaani chembe za kinga, zimepanda na virusi vimefubaa aulize kama bado anaihitaji. Wengi wamebaki nayo kwa mazoea.

Dawa za kifafa: karbamazepini, fenitoini, fenobabitoni. Zinaivunja dolutegraviri haraka. Karbamazepini hupewa pia watu wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, hivyo usitafute kifafa peke yake. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya hivyohivyo, ndiyo maana mgonjwa wa TB anaongezewa kidonge cha dolutegraviri cha miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, na anaendelea nacho hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini.

Kwa walio kwenye dawa za mstari wa pili, zinazotolewa za kwanza zikishindwa, zenye ritonaviri, yaani atazanaviri au lopinaviri, orodha ni kali zaidi. Simvastatini, dawa ya kushusha mafuta ya damu, ni marufuku, misuli inaweza kuyeyuka. Amlodipini ya presha ianze na miligramu 2.5, la sivyo miguu inavimba na presha inashuka kupita kiasi. Omeprazoli ya kiungulia inanyima atazanaviri asidi inayohitaji ili iingie mwilini. Dawa ya nguvu za kiume, sildenafili, isizidi miligramu 25 ndani ya saa 48, na isiguswe kabisa na anayetumia naitreti, dawa za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Na ile sindano ya goti au bega yenye triamsinoloni: ritonaviri inazuia isiondoke mwilini, uso unajaa, sukari inapanda, tezi za juu ya figo zinalala. Daktari wa mifupa hawezi kulijua hilo kama hajaambiwa mgonjwa anatumia nini.

Mitishamba sitaitolea hukumu ya jumla kwa sababu ni mimea mamia. Iletwe mezani pamoja na mengine, na isiwe sababu ya kuacha ARV.

Presha ipimwe kama inavyopaswa

Presha inayopimwa mteja akiwa ametoka kupanda ngazi, mkono unaning'inia na mkanda umefungwa juu ya sweta ni namba isiyo na maana. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu miwili chini bila kukunja nne, kibofu kitupu, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa iliyopita. Mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi, upana unaolingana na mkono. Asiongee. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya kupanda na inahitaji tiba.

Kwa mzee ongeza hatua moja inayosahaulika kila mahali: msimamishe, pima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, huyu ndiye atakayeanguka usiku akienda chooni. Dawa yake ya presha ipangwe upya, na aangaliwe kama anakunywa maji ya kutosha na kama anameza amitriptilini ya maumivu ya ganzi au dawa ya tezi dume, maana zote mbili zinashusha presha mtu anaposimama.

Dawa za miezi sita zimewapunguzia wazee nauli na foleni, na nisingependa zirudishwe kuwa za kila mwezi. Tatizo ni kwamba presha haisubiri miezi sita, na kliniki yake iko jengo jingine, siku nyingine, mara nyingi kwa malipo. Mzee analipa nauli mara mbili, mwishowe anachagua moja, na atachagua ARV kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa kuiogopa kuikosa. Pale ambapo CTC inaweza kumpa dawa ya presha kwa muda uleule wa ARV, afanyiwe hivyo. Pale isipowezekana, familia inunue mashine ya mkono, wapime asubuhi na jioni kwa siku saba kabla ya kliniki, waandike kwenye daftari. Na kwa walio na miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua matibabu bila malipo; barua ya serikali ya mtaa au kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndipo pa kuanzia.

Kuhusu moyo kuna habari njema ambayo bado haijafika kwenye vituo vingi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa REPRIEVE, uliofuatilia watu 7,769 wanaoishi na VVU, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12 ikiwemo Uganda. Walikuwa watu ambao kwa vipimo vya kawaida wasingepewa statini, yaani dawa ya kushusha mafuta ya damu. Waliopewa pitavastatini, aina moja ya statini, walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio ya namna hiyo kwa kiasi cha asilimia 35 chini ya wenzao. Pitavastatini ni ngumu kupatikana kwetu, lakini atovastatini ipo, na kwa mzee aliye kwenye TLD haigombani na kitu. Mwulize daktari: "Je, mimi nahitaji statini?" Swali hilo peke yake linaanzisha mazungumzo yanayotakiwa.

Kisukari kipimwe kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula, milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea, ikirudiwa na kuthibitika, ni kisukari. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kinaweza kuonyesha chini ya ukweli kwa baadhi ya watu walio kwenye ARV. Zingatia pia miezi ya mwanzo ya dolutegraviri: Kampala waliripoti wateja wachache waliohamishiwa dawa hiyo wakarudi wamekonda, wana kiu, sukari iko juu sana. Mzee anayekonda huku virusi vimefubaa apimwe sukari siku hiyohiyo, na kifua kikuu pamoja.

Ganzi ya miguu na kuanguka

Wengi walioanza mwanzoni mwa mpango walitumia stavudini, na ganzi iliyoachwa nayo mara nyingi haiondoki. Kosa ni kuisingizia stavudini kila ganzi. Kisukari kinaleta ganzi. Metformini ya miaka mingi inamaliza vitamini B12, nayo inaleta ganzi. Dawa ya kukinga TB, isoniazidi, inaleta ganzi kama haikuambatana na vitamini B6. Pombe vilevile. Ganzi mpya au inayopanda juu itafutiwe chanzo, kwa sababu B12 na B6 zinatibika. Maumivu yakihitaji amitriptilini, ianze miligramu 10 usiku, ikijulikana kwamba kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba inaweza kuziba mkojo.

Mguu wenye ganzi ukaguliwe kila jioni, katikati ya vidole na chini ya unyayo. Mjukuu mwenye macho mazuri anaweza kuifanya kazi hiyo. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko.

Kujua nani yuko karibu kuanguka hakuhitaji mashine. Weka kiti, pima mita 3. Mzee asimame, atembee hadi alama, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi ni onyo. Au asimame na kukaa mara 5 mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Zaidi ya sekunde 15, misuli imeisha nguvu. Hapo angalia sahani yake. Mtu wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku. Bibi anayeshindia ugali na mchicha, jioni chai ya rangi na kipande cha muhogo, hafiki hata nusu. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, konzi ndogo ya dagaa wakavu 15 au zaidi. Meno yakiwa yameisha, dagaa watwangwe wawe unga, waingie kwenye mchuzi au uji. Mwenye figo zilizochoka sana apewe kiwango na daktari wake.

Tenofoviri inapunguza pia uzito wa mifupa, zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili. Aliyevunjika mkono au nyonga kwa kuanguka tu kutoka alipokuwa amesimama ana sababu tosha ya kujadili kubadilishiwa, hata kama figo ni nzima.

Wasiyoulizwa

Mhudumu kijana anaona haya kumwuliza mzee habari za kitandani baada ya shikamoo. Haya hiyo ina gharama. Wazee wanafanya mapenzi. Mwanamke aliyekoma hedhi anakauka, anaumia, anachubuka. Wengine wanapaka mafuta ya nazi au vaselini, nayo yanaozesha mpira wa kondomu ukapasuka. Vilainishi vya maji ndivyo vinavyofaa. Mwambieni pia kwamba virusi visivyoonekana kwenye kipimo haviambukizwi kwa ngono. Kuna wajane walioacha kuolewa tena kwa hofu ambayo sayansi imeshaiondoa.

Jasho la usiku la ukomo wa hedhi linafanana na la TB. Pima makohozi kwanza, ndipo useme ni ukomo.

Saratani ya mlango wa kizazi inawapata wanawake wenye VVU mara sita zaidi ya wasio nayo, na umri wa miaka 55 hauwatoi kwenye hatari. Ila kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kinapoteza uwezo baada ya ukomo wa hedhi, kwani eneo linalotakiwa kuonekana hurudi ndani ya mfereji. Kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kinamfaa zaidi, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Damu yoyote inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone, ipelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Kusahau, kukaa kimya, kuacha kwenda msibani au kanisani: tusiseme haraka kwamba ni uzee. Chunguza huzuni, B12, kaswende, tezi ya shingo, pombe, na ule mfuko wa dawa. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa biashara ya vitumbua anaweza kuwa amechoka hadi rohoni, na huzuni ina tiba.

Halafu kuna wazee wasiojua kabisa kwamba wana VVU, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuwapima. Mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni, nimonia inayorudi, kukonda bila sababu: pima, awe na miaka 70 au 80. CD4 za mzee hupanda polepole kuliko za kijana, hivyo kila mwezi wa kuchelewa unamgharimu zaidi.

Anayejua jina la kidonge

Mzee akipata kiharusi saa nane usiku, anafikishwa wodini hawezi kuongea. Kadi ya CTC imefungiwa kwenye sanduku, watoto hawajui hali yake, daktari wa zamu hajui. ARV zinakatika kimya kimya, wiki ya kwanza, ya pili. Kama ana homa ya ini B, ini linaweza kuwaka hapohapo juu ya kiharusi.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri yake, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha aitangaze. Lakini achague mtu mmoja tu: binti, mdogo wake, jirani wa miaka mingi, au mwenzake wa kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU. Mtu huyo ajue mahali kadi ilipo, jina la kidonge na saa kinapomezwa, na namba ya simu ya CTC. Ndani ya kadi ikunjwe karatasi moja: dawa zote na dozi, kreatinini ya mwisho na tarehe yake, uzito, presha, majibu ya homa ya ini B, dawa zilizowahi kumletea shida. Iandikwe upya kila dawa inapobadilika, kwa herufi kubwa, kalamu ya wino.